Mgeni Akiugua, Nani Amlipie?

Mtu akiugua kwao, anao wa kuwaita. Mama yuko, ndugu wako, jirani yuko, na muuguzi wa zahanati ajua jina lake na jina la baba yake. Hata kama hana franga, watu wamjua, nao watamngojea mpaka mavuno. Lakini kuugua ugenini ni jambo lingine. Huko, mlangoni pa hospitali, mgonjwa huulizwa maneno mawili: Wewe ni nani? Na nani atakulipia?

Wengi wetu tumesikia katika mashirika yetu habari za mtoto wa fulani aliye Brussels au Johannesburg. Amelazwa hospitali, hesabu imetoka, na jamaa zake wapita nyumba kwa nyumba wakikusanya mchango. Tumesikia pia habari iliyo mbaya zaidi, ya mtu aliyeogopa hesabu hiyo akauficha ugonjwa wake, hata ulipojulikana ulikuwa umekwisha kumshinda.

Wasomaji wapendwa, swali hili la malipo halikuanza leo. Ni la zamani sana, na watu wamelijibu kwa njia nne: kwa huruma, kwa akiba, kwa mkono wa bwana wa kazi, na kwa sheria. Kila njia ina nguvu yake, na kila njia ina mpaka wake. Twataka kuzieleza moja moja, maana mwenye kujua mahali njia inapokoma hatapotea usiku.

1. Njia ya huruma

Sote twaijua habari ya Msamaria mwema. Mara nyingi twakumbuka mafuta na divai aliyomtia majeruhi, lakini twasahau mambo ya fedha. Alimpeleka katika nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, tena akajifunga mbele ya mwenye nyumba kwamba akirudi atalipa yote yatakayozidi. Ndiyo kusema alikuwa mdhamini. Tutamkumbuka tena mbele.

Katika siku za utawala wa Roma, tajiri aliyeugua alimwita munganga nyumbani kwake. Askari walikuwa na nyumba zao za kuuguziwa katika ngome. Lakini msafiri maskini hakuwa na mahali. Mwaka 369 njaa kubwa iliingia nchi ya Kapadokia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Padri Basili, aliyepata kuwa askofu wa Kaisaria mwaka 370, aliwalisha watu. Halafu akajenga nje ya mji nyumba kubwa kwa ajili ya wasafiri, maskini, wagonjwa na wenye ukoma, akaweka humo wanganga na wauguzi. Watu wakaiita nyumba hiyo kwa jina lake.

Nyumba za namna hiyo zikaenea. Katika Yerusalemu, kati ya karne ya 11, wafanyabiashara wa mji wa Amalfi, katika Italia, walisaidia kuanzisha nyumba ya kuwapokea waliokuja kuhiji. Bruda Gerardo aliisimamia, na tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali wa Pili akaikubali rasmi na kuilinda. Ndio mwanzo wa shirika la Mtakatifu Yohane, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtunza msafiri mgonjwa. Na neno lenyewe la hospitali lakumbusha habari hii, maana latoka katika Kilatini hospes, yaani mgeni. Kwa asili, basi, hospitali ni nyumba ya wageni.

Huruma haiulizi karatasi, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini yategemea sadaka. Sadaka zikipungua, vitanda vyapungua. Tena mgonjwa apokeaye sadaka hawezi kudai. Akiambiwa kwamba nafasi imekwisha, hana la kujibu.

2. Njia ya akiba

Watu wa kwanza kuuona vizuri mpaka huo ni wale ambao kazi yao ni kusafiri, maana yake mabaharia. Baharia hushuka katika bandari asiyoijua, amechoka, pengine ana homa. Wenyeji wa bandari husema: Huyu si wetu. Na mji wake mwenyewe uko mbali.

Marekani ilitoa sheria juu ya jambo hili tarehe 16 Julai 1798. Kila mwezi senti 20 zilikatwa katika mshahara wa kila baharia wa meli za biashara. Nahodha alizikata, akazitoa kwa mkubwa wa forodha, na fedha hizo zikatumika kuwauguza mabaharia bandarini na kujenga hospitali zao. Desturi hiyo ya kukata ilidumu hata mwaka 1884.

Senti 20 si kitu kikubwa. Lakini tazameni mabadiliko yake. Baharia aliyeugua hakuomba tena, alichukua kilicho chake, kwa kuwa alikwisha kukitoa kidogo kidogo alipokuwa mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Wengi wazima wamchukua mmoja mgonjwa, na kesho mwingine atachukuliwa vivyo hivyo. Hiyo ndiyo maana ya bima, ambayo wengi kwetu waiita asiranse. Si fedha ya bahati, wala si zawadi ya mzungu. Ni kikapu cha wengi.

Mpaka wake ni huu: kikapu huwajua waliotia kitu ndani yake, tena huwajua kwa mambo yaliyoandikwa tu. Baharia wa meli isiyohesabiwa katika sheria ile hakuwa na fungu. Hata leo asiranse ni maandiko. Lisiloandikwa humo halilipwi, na mtu hawezi kuanza kutoa fedha siku anapoingia kitandani.

3. Njia ya bwana wa kazi

Njia ya tatu twaijua vizuri sisi wa Kongo, hasa watu wa Katanga.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianza mwaka 1910, na mwaka huo reli itokayo kusini ikaufikia. Shaba ilikuwa tele, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Mwaka huo huo wa 1910 kukaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu mbali na kuwaleta. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, wengine Lomami na Kasai, na baadaye wengine Rwanda na Burundi.

Hao wote walikuwa wageni. Walikuta chakula wasichokizoea, baridi kali ya usiku wa kiangazi, na vibanda vilivyojaa watu. Magonjwa ya mapafu, ya kuhara damu na ya homa ya matumbo yaliwaua wengi. Waliotoka katika milima ya Rwanda na Burundi walipata taabu kubwa. Wengi walilala katika udongo wa Katanga, na mama zao hawakujua hata siku ya kufa kwao.

Tangu mwaka 1928 kampuni ikageuza njia yake. Badala ya kuleta watu kwa miezi michache na kuwarudisha, ikawapa mkataba wa miaka mitatu, ikawataka waje na wake zao. Munganga Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa walioiongoza kazi hiyo. Hospitali zikajengwa, na zahanati za kambini, na nyumba za kuzalia. Watoto wakapimwa uzito, chakula kikapangwa. Vifo vikapungua sana.

Yafaa kusema kweli yote. Kazi hiyo iliponya watu, hakuna awezaye kukana. Lakini haikufanywa kwa huruma peke yake. Kumleta mtu kutoka mbali kulikuwa na gharama kubwa, na mchimbaji aliyekufa alikuwa hasara katika hesabu za kampuni. Kwa sababu hiyo munganga wa kampuni alikuwa na kazi mbili: kumponya mtu, na kuchagua nani afaa kwa kazi. Aliyeonekana hafai alirudishwa kwao, na huko hospitali ya kampuni haikumfuata. Tiba ilikuwa mali ya kazi, haikuwa mali ya mtu.

Mambo haya hayakwisha na ukoloni. Mwaka 1967 migodi ile ikawa ya Serikali, na kampuni iliyopewa migodi hiyo ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Kambi na hospitali zikaendelea. Lakini miaka ya 2003 na 2004, kampuni ilipokuwa imeanguka, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa wale wageni wa zamani. Pamoja na kazi wakapoteza matunzo ya hospitali ya kampuni na shule za watoto. Mtu aliyeuguzwa humo tangu kuzaliwa akajiona mgeni mbele ya mlango alioujua.

Hata leo sheria ya kazi ya Kongo, ile ya mwaka 2002, yamtaka bwana wa kazi amtunze mfanyakazi wake mgonjwa pamoja na mke na watoto. Ni sheria nzuri. Lakini nguvu yake ni nguvu ya mkataba. Mkataba ukikatika, nayo yakatika.

4. Njia ya sheria

Njia ya nne ni ya Serikali kuagiza kwamba wote watie katika kikapu. Ujerumani ndiyo iliyotangulia, kwa sheria ya tarehe 15 Juni 1883. Mfanyakazi alitoa mafungu mawili katika matatu, na bwana wa kazi fungu moja. Akiugua, alitibiwa, tena alipewa fedha kidogo badala ya mshahara uliopotea. Ubelgiji ulikuwa na vyama vya kusaidiana, vile viitwavyo mityuele, na sheria ya mwaka 1894 ilivitambua. Halafu agizo la tarehe 28 Desemba 1944 likafanya bima ya ugonjwa kuwa lazima kwa wafanyakazi wote wenye mshahara.

Lakini sheria ya nchi hukoma mpakani mwa nchi. Je, mgeni? Ufaransa na Italia zilipatana mwaka 1904 juu ya wafanyakazi wao, ili Mwitalia aliye Ufaransa asinyimwe haki kwa sababu ya taifa lake. Mwaka 1925 Shirika la Kazi la Dunia likatoa mapatano namba 19: mgeni akiumia kazini apate malipo sawa na mwenyeji.

Jinsi ilivyo vigumu kutimiza maneno hayo, wachimba makaa wa Ubelgiji wanatufundisha. Tarehe 23 Juni 1946 Ubelgiji na Italia zilipatana: Italia itoe watu, Ubelgiji uuze makaa kwa Italia. Maelfu kwa maelfu wakapanda gari la moshi. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ukawaka katika mgodi wa Bois du Cazier, huko Marcinelle. Watu 262 wakafa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia.

Watu waliona moto ule. Vumbi lilikuwa likiua polepole bila kuonekana. Mchimbaji alikohoa, pumzi ikampungukia, akawa mzee kabla ya wakati wake. Alikuwa na mityuele, alikuwa na kadi, alitoa fedha kila mwezi. Hata hivyo ugonjwa huo wa vumbi la mawe haukuandikwa katika orodha ya magonjwa ya kazi, wala mgonjwa hakulipwa malipo yake. Ndipo ikaja sheria ya tarehe 24 Desemba 1963 kuupa nafasi katika malipo hayo. Waliokufa mbele ya hapo hawakuona faida yake. Basi hata katika sheria nzuri yafaa kuuliza: ugonjwa wangu umeandikwa?

Jambo moja lilifanyika vizuri. Nchi sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi, zilipatana mwaka 1958 kwamba miaka ambayo mtu ametoa fedha katika nchi moja ihesabiwe pia katika nyingine. Kanuni hiyo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1959. Tangu hapo haki ya mgeni ikaanza kusafiri pamoja naye.

5. Bima iliyopanda meli, na zahanati iliyobaki

Turudi Kongo, tutazame mwaka 1960. Wazungu waliofanya kazi hapa kwa mshahara walikuwa wageni, na watawala walikuwa wamewawekea vikapu vyao kwa uzee, kwa ugonjwa na kwa kilema. Uhuru ulipokaribia waliingiwa na hofu: Fedha tulizotoa nani atazilinda? Tarehe 16 Juni 1960, siku 14 kabla ya uhuru, Ubelgiji ukatoa sheria: vyama vilivyosimamia bima za wafanyakazi hao wa Kongo na Ruanda-Urundi viwe chini ya ulinzi na dhamana ya Serikali ya Ubelgiji. Halafu sheria ya tarehe 17 Julai 1963 ikatengeneza bima mpya kwa wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo, na ofisi yake ikaitwa OSSOM. Jina hilo halipo tena, lakini kazi yake yaendelea. Tangu mwaka 2017 imo mikononi mwa ofisi kubwa ya bima ya Ubelgiji, ONSS. Mbelgiji aendaye leo kufanya kazi Lubumbashi aweza kujiandikisha humo kwa hiari yake kabla ya kufunga sanduku.

Hatusemi haya kwa wivu. Twataka tu kuonyesha tofauti. Mzungu alipoondoka alichukua karatasi yenye dhamana. Mchimbaji wa Katanga, aliyetoka naye mbali, alikuwa na zahanati ya kampuni, na zahanati haipandi gari la moshi. Mwaka 1961 Kongo ilianzisha INSS, ambayo leo yaitwa CNSS, kwa ajili ya uzee, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za watoto. Ugonjwa wa kawaida haumo, umebaki juu ya bwana wa kazi. Kwa hiyo Mkongo akivuka mpaka, mara nyingi hana karatasi ya tiba ya kwenda nayo.

6. Ndugu zetu wanaosafiri leo

Historia hii yatusaidia nini? Twaitazame safari ya kwenda Ubelgiji, maana wengi wetu wanayo jamaa huko.

Mtu aendaye kwa muda mfupi, usiozidi siku 90, hapewi visa bila asiranse ya safari. Sharti hili lilianza mwaka 2004. Karatasi hiyo yapaswa kufikia euro 30,000 angalau, na ifae katika nchi zote za mapatano ya Schengen kwa siku zote za kukaa. Yalipa ugonjwa wa ghafula, hospitali ya haraka, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na mambo ya kifo. Hiyo ni njia ya akiba, na mpaka wake ni ule ule: haikutengenezwa kwa ugonjwa ambao mtu anao tayari. Mama mwenye kisukari asifikiri kwamba itamnunulia dawa zake za kila siku. Aulize kwanza, tena asome.

Akiwa yuko ndugu aliyetia sahihi ya kumpokea, ile iitwayo prise en charge, ndugu huyo amejifunga kulipa gharama za tiba, za kukaa na za kurudi kwa miaka miwili. Ni Msamaria na ahadi yake. Lakini Msamaria alijua alichoahidi. Wapo watiao sahihi kwa upendo bila kusoma, halafu hesabu ya hospitali yaangukia watoto wao. Tuwaonee huruma wanaotupokea, tusiende mikono mitupu.

Mwanafunzi na mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kukaa huingia katika mityuele. Hilo halijifanyi lenyewe. Yapasa aende mwenyewe, achague chama na kujiandikisha. Asiyetaka chama chochote aweza kwenda kwa mfuko wa Serikali, uitwao CAAMI. Akienda kwa munganga, mara nyingi hulipa kwanza, kisha mityuele humrudishia sehemu kubwa, na sehemu ndogo yabaki juu yake. Asishangae, wala asidhani ameibiwa, maana ndivyo utaratibu ulivyo.

Na yule asiye na karatasi za kukaa? Asife chumbani kwa hofu. Agizo la tarehe 12 Desemba 1996 laruhusu msaada wa tiba kwa asiye na ruhusa ya kukaa wala uwezo wa kulipa. Jina lake ni msaada wa haraka, lakini sio kwa ajali tu, wafaa hata kwa kuzuia ugonjwa, ikiwa munganga ameandika kwamba tiba yahitajika. Mlango wake ni ofisi ya msaada ya mji, CPAS, nayo huchunguza hali ya mtu kwanza. Hii ni njia ya huruma, ila sasa imeandikwa katika sheria.

Basi kila mwenye kusafiri, na kila mzazi mwenye kumsafirisha mtoto, ajiulize maneno matatu kabla ya kununua tiketi. Kwanza: nani atalipa nikiugua, huruma, akiba, bwana wa kazi au sheria? Pili: mpaka wake uko wapi, kwa siku, kwa fedha na kwa namna ya ugonjwa? Tatu: kifungo hicho kikikatika, mkataba ukiisha, masomo yakiisha, ruhusa ikiisha, nitashika nini? Asiyeweza kujibu la tatu hajamaliza kujitayarisha. Nakala za karatasi aziache nyumbani kwa mtu mwaminifu, ili siku mbaya ikija jamaa wajue ni ofisi gani ya kupigia simu kabla ya kuanza kukusanya mchango.

Na sisi tunaobaki tusicheke mafundisho ya mityuele yanayotolewa siku hizi katika parokia na mitaa yetu. Sheria ya Kongo ya mwaka 2017 imevipa vyama hivyo nafasi yao. Watu wengi husema: Nitoeje fedha nami si mgonjwa? Mabaharia wa mwaka 1798 walikatwa senti zao wakiwa wazima, na ndiyo sababu aliyeshuka bandarini na homa alikuta kitanda. Akiba haiozi.